Kamyo ya Mheshimiwa

Mahoko, 14 Machi 1999

Mudogo wangu Onésphore,

Nakusalimia sana, we na bibi yako Vestine na watoto. Muko wazima? Huku tuko, kidogo kidogo. Mvua iko mingi, na mto Sebeya unateremuka na udongo yote ya pori ya Gishwati, maji inafanana chai ya maziwa.

Juzi tulikusikia kwa radio, mukiwa bungeni. Ulisema miti ya Gishwati inakatwa ovyo, makamyo ya mbao yanajazwa kupita kiasi, hayana freni, na lazima sheria iyasimamishe. Nilifurahi. Nikasema: huyu ndo mutoto wa mama yangu. We ulikulia Ngara kwa Watanzania, mi Goma, lakini tumbo ni moja.

Donc, sikiliza. Siku ya soko kamyo ya mbao ilikosa freni pale kwenye muteremuko, ikaingia kwa watu wa viazi. Ilimuua Nsengiyumva, jirani yangu, yule alinisaidia kuezeka nyumba niliporudi. Bibi yake Mukarugwiza alikuwa ameenda tu kununua chumvi.

Iko kitu inanisumbua. Dereva hakukimbia. Alimuambia jandarme, askari wa barabara, neno kwa sikio, na kesho yake walitengeneza kamyo, ikaondoka. Tangu siku ile, nikifika mahali watu wanaongea, wananyamaza. Mukarugwiza alikataa chakula nilimupelekea. Nikamuuliza muuza nyama kuna nini. Akasema, "Mama, uliza kwenu."

Kwetu ni wapi, kama si kwako? Ile kamyo ni ya nani?

Dada yako,
Saidati


Kigali, 27 Machi 1999

Dada Saidati, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Sisi hatujambo, ila Vestine anasumbuliwa na mafua.

Nimesikitika kwa msiba huo. Lakini nieleze vizuri: ni nani hasa wanaonyamaza? Huyo muuza nyama ni mtu wa nani? Wako wafanyabiashara wa mbao ambao hawataki sheria hii ipite, na njia rahisi ya kuniangusha ni kunichafua nyumbani kwetu. Sina lori. Sijawahi kuwa nalo.

Tafadhali, usiandike tena mambo ya namna hii. Barua hupita mikononi mwa watu wengi.

Mdogo wako,
Onésphore


Mahoko, 18 Aprili 1999

Mudogo wangu,

Marahaba, hata kama huku hatusemaka hivyo. Mwambie Vestine pole ya mafua. Mi niko muzima wa mwili.

Uliuliza jina la muuza nyama. Hukuuliza mujane anaishi namna gani. Niliona hiyo.

Halafu wiki iliyopita nikakusikia tena kwa radio. Safari hii ulisema sheria ni nzuri, ila wenye makamyo wapewe mwaka muzima wa kujitayarisha kwanza. Mwaka muzima! Mwezi wa tatu ulisema yasimamishwe, mwezi wa ine unayaombea muda. Katikati hapo nani aliongea na we?

Na nimemuona Wellars, ndugu ya Vestine. Alikuwa hapa Mahoko, amesimama na dereva yuleyule, wanacheka. Nilimuita, akajifanya hakusikia.

Sitaki kuamini. Lakini silali.

Dada yako,
Saidati


Kigali, 6 Mei 1999

Dada,

Shikamoo. Huku wote wazima.

Muda wa mwaka mmoja niliuomba kwa sababu bila huo kura zisingetosha. Ndivyo bunge linavyofanya kazi. Wellars ananunua viazi Bugeshi, jirani na huko, na kuvileta Kigali. Kuzungumza na dereva si kosa. Vestine ameisoma barua yako na amelia.

Nakuuliza nawe: ni nani anayekuja kwako kabla hujaniandikia? Maana maneno haya si yako.

Naona tupumzike kidogo na barua.

Mdogo wako,
Onésphore


Kigali, 20 Juni 1999

Dada yangu Saidati, shikamoo.

U hali gani? Sijui kama utaifungua barua hii. Mimi sijambo kwa mwili, kama ulivyosema wewe.

Nilikuja huko bila kukwambia. Nilitaka kuwakamata watu wanaokudanganya. Nilivaa koti kuukuu na kofia, nikashuka kwenye basi dogo la takisi kabla ya bariyeri ya Kanama, pale majandarme wanapokagua magari, nikasimama na akina mama waliokuwa wakisubiri usafiri. Lori likaja limejaa magogo, matairi yamelala. Jandarme akanyoosha mkono. Dereva hakuzima hata injini.

"Ya mheshimiwa," akasema.

Nikasogea. Nikamuuliza, "Mheshimiwa gani?"

Akanitazama kuanzia viatu. "Onésphore. Yule wa kwenye radio. Kama unabisha, mzee, piga simu Kigali."

Jandarme akacheka, akainua mti wa bariyeri. Lori likapita mbele yangu kwa jina langu. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu akatema mate chini. Hakunijua.

Nilishindwa kufika kwako. Nilirudi Kigali nikamwita Wellars. Hakukataa. "Shemeji, jina lako halikuwa na kazi," aliniambia. Lori ni lake, na ndilo lililomuua Nsengiyumva.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Ule muda wa mwaka mmoja, ukiniuliza nani alinipa wazo hilo, ni Vestine. Tulikuwa mezani, akasema, "Wape watu muda kidogo, utapata kura." Nikaona ni busara, nikaibeba hadi bungeni. Nimemuuliza kama alijua kuhusu lori. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. "Unanitilia shaka mimi?" akasema, na mpaka leo hajasema lingine.

Dada, sijui naishi na nani.

Mdogo wako,
Onésphore


Mahoko, 11 Julai 1999

Mudogo wangu Onésphore,

Nakusalimia kwa moyo wote. Huku tuko wazima. Nyumba yangu ilijaa siku ya mjadala wa ile sheria, maana ni mi niko na radio yenye betri mupya.

Tulisikia yote. Ulisimama ukasema ule mwaka moja ufutwe. Mwenzako mumoja wa bunge akakuuliza kwa kejeli, "Mheshimiwa, mbona unageuka? Au unalijua lori moja?" Nikatikisa betri. Niliogopa radio imekufa. Halafu ukasema, "Nalijua. Ni la shemeji yangu Wellars. Limepita bariyeri kwa jina langu na limeua mtu Mahoko." Ukataja na namba yake. Muuza nyama alitoa kofia.

Tumesikia sheria imepita bila muda. Kamyo iko kwa majandarme, magogo bado juu yake. Wellars wamemuchukua.

Nilienda kwa Mukarugwiza. Alinifungulia. Nikamuambia, "Umesikia?"

Akasema, "Nimesikia. Alisema kwa radio. Bon. Mi siishi kwa radio, niko hapa."

Nakuletea maneno yake sawa vile alisema.

Na Vestine? Hukumutaja. Aliongea?

Dada yako,
Saidati


Kigali, 19 Julai 1999

Dada Saidati, shikamoo.

Natumaini u mzima. Mukarugwiza amesema kweli. Nitakuja Jumamosi kwa takisi ya asubuhi, bila dereva wala gari la bunge.

Nilimwambia Vestine kwamba naenda kwa mjane. Akasema, "Nami nakuja." Ndilo neno la kwanza refu aliloniambia tangu kaka yake achukuliwe. Sijui anakuja kwa ajili ya Mukarugwiza au kwa ajili ya Wellars. Nilitaka kumuuliza, nikaacha. Nimekata tikiti zetu wawili.

Usitupikie. Tuonyeshe nyumba tu, halafu utuache tubishe hodi wenyewe.

Mdogo wako,
Onésphore