Pampu Iliyosema Ndiyo

Jumanne, 4 Machi

Mkamwana ameniletea toleo jipya la zana yangu. Yangu! Niliiandika nikiwa bado na meno yote. Kazi yake ndogo tu: ukitaka kupima programu bila kuwasha mashine ya kweli, inakutengenezea mashine bandia ijibu badala yake. Siku hizi anayeitunza zana hiyo ni mkamwana. Kanisomea orodha ya mabadiliko kama anayesoma wosia – ujumbe wa makosa unaosomeka, bandia kusahau jaribio lililopita kabla ya kuanza jipya. Sawa. Halafu: kasoro imerekebishwa, bandia haitakubali tena amri ambayo mashine ya kweli haiijui.

Kasoro! Nikamwambia huo ulikuwa urahisi. Akacheka. Mama, bandia yako iliitikia ndiyo hata ukiiambia ikaange mayai.

Jumatano, 5 Machi

Nesi amekataza kompyuta kitandani. Presha itapanda, anasema. Angalau kuna kitu mwilini humu bado kinaweza kupanda.

Alhamisi, 6 Machi

Mkamwana kachukua programu zangu za zamani azipime kwa toleo jipya. Nilimsihi aziache. King'ang'anizi! Majaribio arobaini na moja: arobaini ya kijani, yamepita; moja jekundu, limefeli. La pampu ya maji ya hospitali.

Mama, unaiambia pampu isimame kwa amri ambayo pampu ile haina. Hii ilipitaje?

Nikajifanya nimesinzia. Uzee una faida zake.

Ijumaa, 7 Machi

Basi niandike, kabla pumzi haijakatika.

Pampu ya kweli haikuielewa amri yangu, ikaendelea kusukuma. Tangi likafurika, ukuta wa chumba cha kufulia ukaanguka, dobi akavunjika nyonga. Wakasema fundi wa zamu alilala kazini. Bisibisi – hata wakubwa walimwita hivyo. Aliapa kwamba alikuwa macho. Wakamfukuza.

Kosa nililiona asubuhi iliyofuata. Nikabadilisha amri kwenye mashine ya hospitali, kimya kimya. Nakala ya programu iliyobaki kwangu sikuigusa, maana kila badiliko humo huacha jina na tarehe. Kisha nikatia sahihi kwenye ripoti ya ajali: majaribio yote yamepita. Na kweli yalikuwa yamepita, kwa bandia yangu!

Miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemkabidhi tena zamu. Anatengeneza pasi za majirani.

Jumamosi, 8 Machi

Bisibisi yuko hapa. Huja kila Jumamosi, sijui kwa nini ananipenda. Anafungua kitasa cha dirisha langu, anaitukana skrubu. Dada, dirisha hili lina kiburi kukushinda!

Mkamwana kaingia na kompyuta, lile jaribio jekundu bado linawaka. Mama, pampu ya hospitali iliwekwa mwaka gani?

Bisibisi kageuka. Pampu gani?

Nimemwambia mkamwana atoke. Hakutoka – kavuta kiti. Nikasema nipeni dakika moja, naandika. Mwoga mkubwa! Hata sasa najificha nyuma ya kalamu.

Dada, unaandika nini?

Nimejibu: jambo lako.

Kafuta mikono kwenye suruali, kaunyoosha mkono. Nimempa daftari. Kalisogeza mbali, kalisogeza karibu, kapapasa mfuko wa shati. Miwani kaiacha kwake. Mkamwana kasimama, nitamsomea mimi. Bisibisi kakataa kwa kichwa. Amenirudishia daftari, ameketi ukingoni mwa kitanda.

Nisomee wewe, dada.