Jonah Kisilu Ndululu: Ulisema "Kwanza" Hewani, Ukanyamaza

Baba, mwaka umezunguka tangu ile Jumapili ya Septemba, na sisi bado tumesimama pale mlangoni tumeshika vikombe. Watu wanatuambia mwaka mmoja unatosha kuzoea. Nani amezoea? Mwaitu, mama yetu, bado anakoboa mahindi na kupika muthokoi wa watu wanne.

Hukuwa mgonjwa. Hilo ndilo linatushinda. Asubuhi ulipogoa miparachichi, ukaenda kanisani, ukaimba besi yako ile ya kumaliza wimbo nyuma ya kila mtu. Ukarudi, ukala sahani mbili. Saa tisa ukaingia kwa kile chumba chako kidogo cha redio. Saa tisa na dakika ishirini hukuwako.

Wanaosoma hii na hawakukujua, wajue ulikuwa fundi wa simu miaka thelathini, na ulipostaafu bado mikono haikukubali kukaa. Ulikuwa mwenyekiti wa chama cha kitaifa cha redio za hiari, wale watu wenye leseni na redio zao nyumbani, wanaoongea hewani kwa kupenda tu. Kila Jumapili uliketi hapa Kilungu ukaongoza mkutano wa watu kutoka Kisumu mpaka Mombasa, na wote uliwaita jirani.

Ulipochaguliwa, ulikuja nyumbani umeshtuka kuliko sisi. "Kavata, hawa watu wamekosea," ukamwambia Mwaitu.

"Basi rudi uwaambie."

"Nitawaambia mwaka ujao."

Upole wako ulikuwa wa kuchosha, Baba, haki. Mtu angekutukana hewani, wewe unamwambia, "Nimekusikia vizuri, jirani, sauti yako iko safi." Na ulikuwa na ile tabia: kabla ya kutoa uamuzi, ulibonyeza kitufe cha maikrofoni halafu ukanyamaza. Ukikibonyeza, hakuna mwingine anasikika mpaka useme "ova", yaani nimemaliza, ukiachilie. Nchi nzima ilingoja. Wenyewe walisema, "Tulieni, mwenyekiti anapika."

Mwezi ule chama kilikuwa kinavutana. Watu wa kujitolea walikuwa wachache, na kila mtu aliwataka. Fahad wa Kitui mjini alitaka wajiandae kwa mashindano ya dunia ya hewani. Wengine walitaka wakasaidie mbio za magari, kwa sababu huko unapewa jaketi na chakula. Wewe ulitaka wakae milimani wakati wa mvua. Si tunajua mito yetu? Huko chini kavukavu, jua linawaka, akina mama wako kwa mchanga wa mto wanachimba maji, kumbe juu milimani Mbooni imenyesha saa moja iliyopita. Maji yanafika kama lori limekatika breki. Ulitaka mtu juu aliye na redio, na mwingine kivukoni.

Lakini mwaka uliotangulia uliwapanga watu kwa orodha, ukawapa zamu, wakaja mara moja wakapotea. Hiyo ilikuuma. Ndio maana hatujui uliamua nini siku ile. Asubuhi ile ulimwambia Mwaitu, "Leo nitawashangaza." Akakuuliza na nini. Ukacheka, ukatafuta viatu.

Hewani uliwasikiliza wote. Halafu ukabonyeza, ukasema, "Jirani zangu, nimeamua. Kwanza..."

Kimya. Watu wakangoja. Dakika moja, mbili, nne. Mwenyekiti anapika.

Saa hizo ndipo mwanao Mbuvi aliingia. Unajua mchezo wenu. Tangu akiwa mdogo, akija kukuomba kitu unajifanya umelala, akikaribia unamkamata mkono, anaruka. Alikuta umeinamia meza, paji la uso juu ya mkono mmoja, mkono mwingine umelalia maikrofoni. Akajiambia, leo mimi sikamatwi. Akaingia chini ya meza polepole, akafunga kamba za viatu vyako, cha kushoto na cha kulia, mafundo mawili. Halafu akainamia maikrofoni na ile sauti yako anayoiiga mpaka Mwaitu anaitika.

"Jirani zangu, kwanza, kila mwanachama alete mbuzi mmoja hapa Kilungu. Na asiwe mwembamba. Ova."

Nchi nzima ikacheka, Baba. Makamu wako, Salama wa Mwingi, alituambia alicheka mpaka akajimwagia chai.

Kavindu, ndugu yake, akaingia na kikombe chako. "Mbuvi, mbona Baba haamki?"

"Anaigiza. Ngoja uone."

"Mbuvi."

"Nakwambia anaigiza!"

"Mbuvi, shika mkono."

Kilichofuata kilisikika Kisumu. Kilisikika Mombasa. Kikombe kikianguka. Mwaitu akikimbia kutoka jikoni, akikuita kwa jina ambalo huwa hakuiti mbele ya watu. Na Mbuvi chini ya meza, "Ngojeni nimfungue viatu! Msimguse, ngojeni nimfungue viatu kwanza!" Mafundo yalikataa. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba, akazikata kamba kwa meno.

Na hakuna mtu huko nje angeweza kutuambia hata pole, kwa sababu mkono wako ulikuwa bado umekaa kwa kitufe.

Kavindu ndiye aliuinua. Sauti zikaingia zote pamoja, zinapandana, hakuna anayengoja mwenzake. Pole Kilungu. Kilungu, pole. Mama, pole sana. Mtu mmoja alikuwa analia tu. Kabla ya giza, watu wawili ambao hatujawahi kuwaona walikuwa wamefika kwa bodaboda kutoka mji wa Wote, wamesimama mlangoni, kofia mkononi.

Tulikuzika. Daktari alisema moyo ulisimama mara moja, na kwamba Mbuvi alipoingia ulikuwa umeshaenda, hakuna kitu angefanya. Alimwambia mara tatu. Mbuvi aliitikia mara tatu. Chumba cha redio hakukikanyaga wiki zile zote. Alikuwa analala na viatu.

Wiki ya nne Salama alipiga simu. Chama kilikuwa kimepasuka. Fahad aliapa ulikuwa unataka kusema kwanza mashindano, maana ungeshangaza nani kwa kusema mito? Wengine waliapa ni mito. "Mbuvi, mwanangu," akasema, "nyinyi ndio mlikuwa naye. Aliandika chochote? Alisema chochote? Jumapili njoo hewani utuambie, tutafuata."

Hapo ndipo Mbuvi alijaribiwa, Baba, na tunakuambia ukweli. Angeweza. Neno moja tu, "mito", na nani angembishia mtoto wa marehemu? Kavindu mwenyewe alimwambia, "Sema mito. Si ndiyo alipenda?"

"Na kama hiyo siku alikuwa amebadilisha?"

"Amekufa, Mbuvi."

"Ndio maana. Hawezi kunirekebisha."

Jumapili saa tisa akafungua kile chumba. Akakaa kwa kiti chako, Mwaitu amesimama nyuma yake ameshika mabega. Chuo kilimshinda mwaka wa tatu, lakini leseni ya redio alikuwa nayo, wewe ndiye ulimkalisha akaipata. Akajitambulisha, akaanza kwa sauti yake.

"Mimi ndiye wa mbuzi," akasema. "Mlinisikia. Salama ameniuliza Baba alitaka kusema nini. Sijui. Tumeangalia kila karatasi, hakuna. Sauti yake naweza kuitoa sasa hivi, mtaamini, lakini sitaitoa. Ova."

Halafu Fahad, yule Fahad, akauliza, "Sawa. Na wewe? Wewe unafanya nini kwanza? Ova."

Hakuwa amejitayarisha kwa hilo. Alimwangalia Mwaitu. Mwaitu akamfinya bega.

"Mimi nitakaa Mbooni kwa shangazi Mbinya, mvua ikianza. Simwambii mtu mwingine akae. Nasema tu mahali mimi nitakuwa. Ova."

"Mimi niko karibu na kivuko," mtu akaingia. Alikuwa Nzomo, wa huko chini ya Wote. "Nitakaa. Lakini Mbuvi, ukinifanyia ujinga wa mbuzi, nakuja huko juu. Ova."

Salama akasema wiki mbili. Mwingine akasema Jumamosi peke yake. Fahad akasema mashindano yake yanaisha tarehe kumi na tano, baada ya hapo achukuliwe. Hakuna aliyepangwa, Baba. Kila mtu alitaja siku zake mwenyewe, na Salama akaandika.

Novemba, Jumanne, Mbooni ikanyesha mpaka shangazi akafunga mbuzi ndani ya nyumba. Mbuvi akaona maji ya korongo yamegeuka mekundu. Akaita.

"Nzomo, toa watu mtoni. Ova."

"Mbuvi, huku jua linaniunguza kichwa. Ova."

"Nzomo, nakuomba."

"Wewe ulidanganya nchi nzima. Wakiniuliza nimeambiwa na nani, nijibu nini? Ova."

Mbuvi akasogeza mdomo kwa maikrofoni, mvua inapiga mabati. "Waambie ni mtoto wa Jonah, yule wa mbuzi. Waambie sina mzaha leo. Wakitoka na maji yasije, wanitukane mwaka mzima. Ova."

Hakujibiwa. Alingoja dakika hamsini, Baba. Mtu wa milimani haoni mto wa chini. Shangazi alimletea chai ikapoa, akaleta nyingine ikapoa. Aliita mara sita. Halafu redio ikakohoa.

"Yamekuja," Nzomo akasema, hana pumzi. "Yamejaa mpaka juu. Kuna mama alitaka kurudia ndoo, nimemshika nguo ikararuka, ananitukana hapa. Nimewahesabu mara mbili. Walikuwa tisa kwa mchanga. Wako tisa huku juu."

Akasahau kusema ova. Mbuvi akachukua ile chai iliyopoa, akainywa yote.

Unakumbukwa na mke wako Kavata. Watoto wako Kavindu na Mbuvi. Dada yako Mbinya wa Mbooni. Majirani wa Kilungu, na wale wengine uliowaita jirani bila kuwaona. Hatutakusahau, Baba. Leo, kesho, na miaka yote tuliyobakiwa nayo.