Harusi ya Dallas

Blacktown, Agosti 2021

Mdogo wangu Médiatrice,

Huku Sydney bado tumefungiwa ndani. Mama hajambo, chanjo ilimuumiza mkono tu.

Fiacre alipokuja huko Marekani kumzika baba yake, kisha mipaka ikafungwa, nilikuomba umpikie mume wangu. Kila Jumapili nilikupigia simu kukushukuru.

Jana kanisa lenu lilirusha harusi mtandaoni. Mama ndiye aliyekutambua ndani ya shela, akashangilia. Kisha akaisogeza simu karibu na macho.

"Lyse, bwana harusi si Fiacre wako?"

"Wanafanana tu, Mama," nikamjibu, nikazima simu.

Leo ameniuliza tena umeolewa na nani. Mpigie umwambie mwenyewe. Nimekudanganyia mara moja, sitarudia.

Dada yako,
Lyse