Mlango wa garaji ulipotufungia ndani

Jumamosi jioni, Gitega, Burundi. Mvua imekatika lakini mabati bado yanadondosha matone. Vidole vyangu vina grisi na skrini ya simu inateleza. Nisipoandika leo, kesho nitajidanganya kwamba halikuwa jambo kubwa.

Kwa wanaofika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, na ninaishi kwenye garaji. Nyumba iliyo mbele yake ilikuwa ya baba. Tulipokimbilia Tanzania nilikuwa mtoto wa mgongoni. Baba alifia kambini. Amani iliporudi, nilipanda lori la wanaorejea. Likatushusha Muyinga, nikaja hadi huku peke yangu, nikakuta familia nyingine imo ndani. Hawakuiba. Waliuziwa na mtu aliyejifanya mwenye nyumba. Tukapatanishwa: wao nyumba, mimi garaji na kipande cha ua, mpaka iamuliwe vingine.

Haijaamuliwa.

Garaji haina mlango mwingine wala dirisha, ila matundu ya hewa juu karibu na bati. Mlango wenyewe ni bamba moja la chuma linalopinduka kwenda juu, likisaidiwa na springi mbili, moja kila upande. Tangu mvua zianze ulikuwa unalalamika. Kwanza kelele. Nikapaka mawese kwenye reli, ukanyamaza siku chache, kisha vumbi likaganda kwenye mafuta na hali ikawa mbaya zaidi. Halafu ukaanza kupanda mshazari, kulia kukitangulia na kushoto kukiburuta. Nikadhani reli ya kushoto imepinda. Nikaigonga kwa nyundo wiki nzima, kumbe reli haikuwa na kosa.

Asubuhi aliingia Mama Ineza, mama wa ile familia. Huniongelesha Kiswahili makusudi, ingawa Kirundi nakijua, na kila mara nasikia kama ananikumbusha nilikotoka.

"Dada, bwana yangu anarudi Jumatatu kutoka Muyinga. Amenunua gari. Iko na lazima ya garaji. Kaka yake ana chumba kule Mutaho, iko muzuri. Utakaa kule."

Utakaa kule. Kama vile nimemwomba.

Nilipaswa kuelewa mapema. Gari halijafika lakini matairi yake ya akiba na jeki vilishakuja kulala kwangu, nyuma ya cherehani. Mutaho, mbali na mji, nitamshonea nani? Wateja wangu ni walimu na watoto wa shule za hapa Mushasha. Nilitaka kusema hayo yote, sikusema hata moja. Mvua ikaanza kupuliza ndani, kwenye sare nilizokuwa nazimalizia. Ningeweza kuzisogeza tu. Badala yake niliushika mlango nikauvuta chini kwa hasira zangu zote.

Ukalia mlio mmoja mkavu, paa!

Niliposhtuka nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni, mikono kichwani. Mama Ineza alikuwa amelala kando yangu kwa ubavu, kulinda mimba yake, mikono kichwani. Tukatazamana tukiwa chini. Hakuna aliyemwuliza mwenzake alijifunza wapi kulala namna ile.

Ilikuwa springi tu. Ya kushoto imekatika, na mlango umeshuka karibu wote, umekaa upande, umebana.

Kwanza nilijaribu kuunyanyua peke yangu. Kisha sote wawili. Haukutikisika. Tukapiga kelele, lakini nani angesikia? Jumamosi asubuhi mtaa mzima uko kwenye kazi za jamii, wanachimba mitaro. Mimi nilijificha kwa ajili ya sare. Yeye alibaki kwa sababu mtoto anakohoa. Simu yangu ilikuwa inachajiwa kibandani barabarani, yake iko mezani kwake.

Ndipo nikamwona anabadilika rangi.

"Mana yanje," akasema, kwa Kirundi sasa. Mungu wangu. "Ineza yuko peke yake. Nimeacha maharage kwenye jiko la makaa, sebuleni, kwa sababu ya mvua."

Ineza hajafika hata umri wa kuvaa viatu mwenyewe.

Mama yake akauparamia mlango, akaanza kuvuta waya wa springi ya kulia, ile iliyobaki nzima. Nilimdaka mkono. Springi hiyo imekazwa na uzito wote wa chuma. Ikiachia, inachukua vidole. "Usiguse hapo! Acha nitazame kwanza." Nilimkaripia kama mdogo wangu, naye akatii.

Nikatazama. Kigurudumu cha kushoto kilikuwa kimeruka nje ya reli. Ndicho kilichobana. Nilichukua chuma cha kufungulia matairi, kilichokuja pamoja na yale ya akiba, nikakichomeka kati ya kigurudumu na reli, tukakiegemea wote wawili hadi kikarudi mahali pake. Mlango ukashuka kidogo, ukanyooka. Haukubana tena. Lakini bila springi ule ni uzito mtupu, na sisi ni wanawake wawili.

Jeki.

Ilihitaji kitu cha kusimamia ili ifikie mwamba wa chuma unaopita katikati ya mlango. Kitanda changu kinasimama juu ya matofali. Nikakipindua, godoro na shuka vikaenda kwenye maji ya mvua sakafuni, nikayapanga matofali chini ya mwamba na jeki juu yake. Mimi nilizungusha mkono wa jeki. Kila upenyo ulipoongezeka, Mama Ineza alisukuma tofali chini ya mlango, ili jeki ikiteleza usitukate. Alikuwa analia bila sauti na mikono yake haikukosea hata mara moja.

Jeki ilipofika mwisho, upenyo ukitosha mtu mwembamba tu, yeye ndiye aliyesema, "Nenda we. Mi sitapita." Ana mimba kubwa.

Nikapita chini ya chuma kile nimefunga macho.

Nilikimbia hadi ndani ya nyumba. Moshi mweusi ulikuwa umejaa, chungu kinaungua, na Ineza ameketi nyuma ya mlango akikohoa, kanga ya mama yake ameikumbatia. Nilimbeba, nikalitoa jiko nje kwa teke, nikafungua madirisha yote. Nilipofika uani ndipo nikagundua nimetoka wapi. Tangu nirudi sikuwahi kukanyaga mle. Sikuona chochote. Ukiniuliza sakafu ya baba yangu ina rangi gani, sijui.

Sasa hili ni gumu kuliandika. Nilisimama kwenye mvua, mtoto mikononi, nikasikia sauti kutoka chini ya mlango: "Yuko mzima? Dada, niambie, yuko mzima?" Na kwa muda wa pumzi moja sikujibu. Nilikuwa nje, yeye ndani, mle ndani ninamoishi mimi. Nilitaka ajue panavyokuwa.

Kisha Ineza akaita mama, nami nikaona aibu. Nikapiga magoti, nikampitisha kwenye upenyo.

Tulikaa hivyo hadi watu waliporudi, mimi nje chini ya ukingo wa bati, wao ndani. Tulipokuwa tunasubiri Mama Ineza akasema, "Humu kuna giza sana."

"Ndiyo," nikamjibu.

"Na hewa hakuna."

"Hakuna."

Akamsogeza Ineza karibu na upenyo, apate hewa.

Wanaume watatu waliuinua mlango, na wakamwita Papa Jado, mchomeleaji kutoka Uvira anayefanya kazi karibu na soko. Aliipapasa springi iliyokatika akatikisa kichwa. "Hii resori imekufa. Hapa Gitega hamupati. Labda Muyinga, labda Bujumbura. Na ile ingine iko karibu kufa, mi nitabadilisha zote mbili pamoja. Kwa sasa muache juu, musiushushe." Akaufunga kwa waya kwenye nguzo ya mkaratusi. Kwa hiyo usiku huu garaji yangu haina mlango.

Mama Ineza amekuja tena nikiwa naanika godoro. Ameongea Kirundi. Amesema nilale ndani mpaka springi ipatikane. Nimemwuliza, na Mutaho? Akainama, akazoa matofali yangu moja moja akayarudisha ndani.

"Jumatatu utamwambia mwenyewe kwamba hutaki," akasema. "Mimi nitakuwa nimesimama upande wako. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Sijui hiyo ina uzito gani mbele ya mwanaume aliyenunua gari. Sijui kama ni huruma, au ni maharage yaliyoungua ndiyo yanayosema, na kesho yatapoa. Ila wameshaniita kula mara mbili, na giza linaingia.

Nimeshika mto na kanga yangu. Ile ni nyumba ya baba. Nibishe hodi, au niingie tu?

Hilo sijalijua bado. Ninachojua ni kwamba siendi Mutaho.