Uko na Nani Hapo?

Hyderabad, India
Jumatano asubuhi

Kwa Mama yangu mpenzi, Mzenga,

Shikamoo, Mama. Nimeiandika hiyo shikamoo halafu nikangoja kidogo, kama vile utaitikia. Goti linakusumbua bado? Mihogo ya bondeni imesalimika na nguruwe pori? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umekaa vibaya. Sababu yake nitakueleza kwa mpangilio, unavyonijua.

Tulifika hapa kutoka Maskati mimi, bosi wangu Bibi Salma, na mwanawe Nasri. Bibi anatibiwa mgongo. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha na kulala naye wodini. Pale uwanja wa ndege laini ya Maskati haikushika mtandao, nikaweka ile ya nyumbani niliyoitunza kwenye pochi, nikawasha data nikuambie nimefika. Kumbe simu ikaanza kuhifadhi picha na kusasisha mambo yake yenyewe. Salio lote likaisha kabla sijakusalimia. Hospitali ina waifai, lakini inataka namba ya simu ya India ndipo ikutumie nywila. Laini ya huku inauzwa kwa pasipoti, na pasipoti yangu anayo Nasri. Kila nikimwomba ananijibu kwa upole, "Inshallah kesho, Zuhura." Basi jioni anapokuja kumwona mama yake ananiunganisha na intaneti ya simu yake, ninasoma haraka haraka, na akiondoka anaondoka nayo.

Ijumaa, Nasri akiwa ameshashika kitasa cha mlango, uliingia ujumbe wa Kaka Shabani: "Uko na nani hapo?" Hakuongeza neno. Nikaandika, "Kuna nini?" Haukwenda. Nasri alishafika kwenye lifti.

Mama, swali hilo kwetu unalijua. Siku Baba alipofariki nilikuwa kazini Kibaha. Kaka alipiga akaniuliza hivyohivyo, nikamjibu niko na wenzangu dukani. Akasema, "Baba amezidiwa kidogo, panda gari uje." Nikaja na machungwa ya mgonjwa. Turubai niliiona nikiwa bado barabarani, na wanawake wakanipokea mfuko kabla sijauliza. Sikumlaumu mtu. Ndivyo tunavyofanya, mtu aliye mbali haambiwi mpaka awe na wa kumshika.

Basi Jumamosi jioni nikakuta ujumbe mwingine, safari hii umetoka kwenye simu yako: "Huku wote wazima, usiwe na wasiwasi, fanya kazi." Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Wewe huandiki, Mama. Wewe unabonyeza kile kipaza sauti na kunifokea, "We Zuhura! Umekula? Na usiniambie chai, chai si chakula!" huku jogoo wako anakuingilia maneno. Huyo aliyeandika ameweka mpaka alama za mkato.

Nilimweleza Mama Rehema. Ni mtu wa Pangani, pale Kibaha, amemleta mumewe kutibiwa moyo na wodi yao inatazamana na yetu. Yeye ana laini ya huku. Akanisukumia simu yake. "Piga, mwanangu, uache kujimaliza kwa mawazo. Utaniulia na mgonjwa wangu kwa huo uso." Nikapiga namba yako, akapokea Kaka.

"Mpe Mama simu," nikamwambia.

"Mama kaenda shamba."

"Kwenye mvua hiyo ninayoisikia kwenye bati?"

Akauliza, "Wewe uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu, Kaka. Niambie."

"Basi mwangalie huyo bibi wa watu. Huku wazima."

Akakata. Mama Rehema akaniangalia kana kwamba nimemwaga maziwa. "Peke yako? Na mimi hapa niliyekushika bega ni nani, stuli?" Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nilidhani nikisema niko peke yangu atasema kwa uhuru, kumbe nimemfunga mdomo mwenyewe. Nilipiga tena, hakupokea.

Nimejiambia mengi. Pengine simu umemwachia Kaka. Pengine ni goti tu na umelazwa. Jana nikimsugua Bibi Salma mgongo akasema, "Mwanangu, mbona mikono yako baridi leo?" Nikamjibu ni maji. Anafanyiwa upasuaji wiki hii na hana mwingine wa kumgeuza kitandani. Hata ningetaka kuondoka, pasipoti ni ile ile ya inshallah kesho.

Mama Rehema anarudi Jumapili, mumewe ameruhusiwa. Atampumzisha kwao Pangani, halafu atakuja Mzenga yeye mwenyewe na barua hii. Nimemwomba aiweke mkononi mwako, si kwa Kaka wala kwa Wifi. Ukiifungua, aipige picha bahasha iliyochanwa anitumie, nitaiona jioni Nasri akija. Kama hutaweza kuipokea, nimemwambia asimuulize mtu chochote. Aipige picha ikiwa imefungwa, basi. Kaka hatalazimika kutamka neno, na upande wangu Bibi Salma atakuwepo, kwa hiyo sitakuwa peke yangu.

Msalimie Kaka, mwambie sina kinyongo naye. Msalimie Wifi, ambaye najua ndiye anayekusomea hapa, apunguze mbio kidogo. Mama Mdogo wa Chole mwambie kitambaa chake nimeshakinunua. Mwalimu wa madrasa naye anikumbuke kwenye dua.

Bahasha nitaipaka gundi nyingi sana isifunguke yenyewe njiani, najua sitaweza kujizuia. Usiihurumie, Mama. Ichane vibaya, hata kwa meno, ionekane kwenye picha.

Ni mimi mwanao, ninayengoja marahaba yako,

Zuhura