Samaki Wako Walifika Mpaka Kwenye Biskuti

Annexe, Lubumbashi

Mama yangu,

Nakuamkia kutoka huku kwenye vumbi jekundu, na kabla sijasema langu nataka kujua lako. Goti linakuacha ulale? Paa la jiko limezibwa, au mjomba bado anasema kesho? Na mwanangu Chola, bado anakula amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri gari? Mimi mwili ni mzima. Ni vidole viwili tu vimeungua, na hivyo nitakueleza.

Swali ulilo nalo nalijua. Nilipoondoka Pweto tulipatana hivi: wakinichukua kazini kabisa, Chola anakuja kuanza shule huku mwezi wa tisa, wakinikataa baada ya majaribio, ninarudi kuanika samaki pamoja nawe. Jibu ninalo. Lakini nivumilie kidogo, maana wewe mwenyewe umo ndani ya habari hii, wewe na kikapu chako.

Mwalimu Kasongo, wewe unayemsomea, nakusalimu. Soma polepole, Mama anapenda kurudiwa.

Kiwanda chetu ni cha biskuti. Asubuhi natoka mtaani kwetu Annexe kwa miguu, napishana na akina mama wanaokwenda kulima, nikifika navaa koti jeupe na kitambaa cheupe kichwani. Ukiniona utadhani nimekuwa sista, ila masista hawatoki jasho hivi. Na hapa mimi ni Citoyenne Mumba, yaani mwananchi Mumba, maana serikali imekataza majina ya Kikristo. Jina la Veronika limebaki kwako na kwa Bikira Maria.

Unga unamwagwa ndani ya pipa kubwa la chuma lenye mkono unaozunguka, sukari na mafuta vinafuata, donge likishalainika linakatwa na kuingia tanuru. Upande wa pili biskuti zinatoka juu ya mkanda unaotembea wenyewe. Mkanda huo hauna huruma, Mama. Haukungoji upige chafya. Sisi wanawake wa mezani tunaokota biskuti zikiwa za moto, tunazipanga, tunazifunga. Siku za kwanza nilizishika kama ninavyoshika samaki wako, kwa kiganja kizima, ndiyo hapo nilipoungua. Mama Ngoie, mkubwa wa meza yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisani, alinicheka: "Wee mutoto ya Pweto, bisikwi haina miba! Ushike na ncha ya bidole!"

Anayetuongoza sote ni Papa Kalenga, shefu wa tanuru. Ni mrefu, mkavu, haongei sana. Pua yake ndiyo inamfanyia kazi. Donge analinusa kabla ya kulitazama. Yeye ndiye aliyekuwa wa kusema kama nabaki au naondoka.

Sasa tuje kwenye kikapu. Dereva wa gari la Pweto uliyemkabidhi alinikuta nacho Jumamosi asubuhi, nikiwa tayari nimefika mlangoni pa kiwanda. Nilifunua kidogo tu, nikaona ulivyowapanga samaki, wakubwa chini, wadogo juu, na kile kitambaa chako cha bluu, nikalia palepale mbele ya mlinzi. Nafasi ya kurudi nyumbani haikuwapo. Chumba cha kubadilishia nguo kina bati linalowaka jua likipanda. Basi nikafanya ulivyonizoeza tangu utoto: samaki wakavu wanakaa penye ubaridi, juu ya unga. Niliingia ghalani nikakiweka juu ya magunia, nikaridhika kabisa. Toka lini mtu wa kwetu akalalamika kwamba unga wake unanukia samaki? Mimi harufu hiyo ndiyo nilidhani ni ya unga wenyewe.

Nilitaka kukichukua wakati wa kutoka. Lakini mchana tulitolewa wote kwa mlango wa nyuma kwenda Salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kufyeka majani kando ya barabara, na watu wa chama walisimama hapo kuangalia nani anakwepa. Tulipomaliza, ghala lilikuwa limefungwa. Kikapu chako kililala na unga mpaka Jumatatu.

Jumatatu unga huohuo ndio ulioingia kwanza. Biskuti zilitoka nzuri za kupendeza. Papa Kalenga akachukua moja, akainusa, akasimamisha mkanda. Sijawahi kusikia kiwanda kikinyamaza vile. Akaivunja, akanusa tena, akauliza taratibu:

"Nani anatokaka Pweto hapa?"

Meza nzima iligeuka kunitazama.

"Ni miye, Papa."

"Citoyenne, hii bisikwi ni ya kukunywa nayo chai ao ya kukula na bukari?"

Watu walicheka, mimi nikalia. Akaniambia nifike ofisini kwake baada ya chakula cha mchana, atanipa jibu la majaribio yangu. Nikajua yamekwisha. Nilimfikiria Chola, jinsi alivyowaambia watoto wote wa mtaa kwamba atasoma mjini, na nikaona aibu hata ya kumkumbuka.

Kumbe mahali hapa wana desturi yao. Mtu mpya akiingia mezani, lazima siku moja awalishe wenzake, asipofanya hivyo ataitwa mgeni hata akizeeka. Kwangu walinyamaza kwa kunihurumia, waliona sina kitu. Mchana huo Mama Ngoie alikibeba kikapu chako mwenyewe, akasema samaki hao hawatupwi, akawasha makaa ya mbabula uani. Huyu akatoa nyanya, yule kitunguu, bukari ya unga wa mahindi ikasongwa. Mama, walikula! Walilamba vidole, na kichwa cha samaki mkubwa kikapelekwa kwa Papa Kalenga, maana huku pia kichwa ni cha mkubwa. Alikula, akanyonya mpaka mifupa.

Saa ikafika, nikaingia ofisini. Mama Ngoie alinifuata nyuma, mikono kiunoni.

"Papa, huyu mutoto alishatulisha. Siye bote tulikula yake, na weye ulikula yake. Muntu mulikula samaki yake, mutamufukuza namna gani?"

Papa Kalenga alinitazama, akamtazama yeye, akajifuta mdomo.

"Kichwa iko mu tumbo yangu," akasema. "Nitasema nini tena?"

Wamenichukua, Mama! Wamenichukua kabisa! Adhabu yangu ni kusugua ghala kila Jumamosi mpaka harufu iishe. Zile biskuti tuligawana, na watoto wa uani kwetu walizimaliza wakauliza kama kuna nyingine.

Mwalimu, hapa simama kwanza. Kama Chola amekaa hapo, mtume akachote maji.

Mama, nimefurahi, na furaha yenyewe inaniuma kwa sababu inakutolea mtu nyumbani. Tangu baba yake Chola afariki, wewe ndiye uliyemlea, na yeye mjukuu wako ndiye anayekukanda goti na kukuita Kambo, bibi yake, kutwa nzima. Nimetafuta maneno ya kukuomba mtoto ambaye ni wangu, nimeyakosa. Nakuomba hivihivi tu. Chumba changu ni kidogo, lakini kitanda nilichonunua si cha mtoto, ni kipana. Najua utasema huwezi kuacha ziwa lako. Sitabishana nawe kwa barua. Nakupenda, na nimechoka kukupenda kwa mbali.

Nisalimie mjomba Mwewa, mziba paa wa kesho, na mama mdogo Agata anayeanika samaki jirani yako, na katekista aliyeniombea siku ya safari. Kitambaa chako cha bluu nakirudisha kimefunga biskuti. Hizi ni safi, hazijaonana na samaki.

Dereva atapita mwisho wa mwezi wa nane akiwa na mke wake, atamshika Chola vizuri njiani. Siku ya kupanda gari mtoto akilia, usimwambie kwamba anamwacha Kambo wake. Mwambie anatangulia kukupashia kitanda joto.

Mtoto wako,
Veronika