Jiwe la Kusagia la Butiama

Mama yangu, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Musoma, mabega yananiuma na tumbo limeshiba. Leo kikundi chetu kilipelekwa Butiama kuona vitu vya kale. Anayetuongoza akatusimamisha uani kwa mama mmoja, mbele ya jiwe kubwa lenye shimo kama bakuli, akatusomesha historia yake huku wenzangu wakipiga picha kwa adabu kama tuko kanisani. Mwenye jiwe akachoka.

"Hilo mimi nilikuwaga nasagia mtama kila siku," akasema. "Nani anajaribu?"

Nikajitia kujua. Nikapiga magoti, nikashika lile jiwe dogo la juu, nikaanza kusukuma. Akacheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Wewe unasaga au unapiga pasi? Sukuma na mwili wote."

Nikasukuma na mwili wote, unga ukaanza kushuka. Tukauchanganya na wa muhogo, akatusongea ugali, tukaula kwa sato wa soko la Mwigobero. Ulikuwa na mchanga kidogo, lakini nani angethubutu kuusema vibaya mbele yangu?

Mama, lile jiwe la marehemu Bibi, nyuma ya jiko letu, lina shimo lilelile. Miaka yote nilidhani liliumbwa hivyo, kumbe ni Bibi aliyelichimba kwa kusaga. Mwambie kaka Musa asithubutu kulipasua kuwa kokoto za banda lake.

Nimekukumbuka sana, na dagaa zako nimeshanunua. Hao kuku wanaonywea maji kwenye shimo la jiwe la Bibi, watafutie sufuria.

Mwanao,
Neema